Gwaride la Mioyo

Sajini Halfani Mrisho aliiweka fimbo juu ya meza taratibu, halafu akarudi nyuma kidogo ili atazame vizuri.

Nesi Yudith aliiona. Alikuwa amekaa, akaruka. Akageuka, akavuta kanga ya mabegani mpaka ikafunika kichwa na uso, akapiga magoti sakafuni, mgongo kwenye meza, uso ukutani.

"Aha," alisema Sajini Halfani.

"Aha," alisema Konstebo Liberatus pale mlangoni, ingawa hakujua aha ya nini.

Walikuwa kwenye chumba cha manesi, Iringa, asubuhi ya baridi ya mwezi wa saba. Wamesafiri siku nzima ya jana kutoka Mbeya kwa ajili ya nesi huyu mmoja, na vumbi la njiani bado lilikuwa kwenye nyusi zao. Sajini alikuwa na furaha. Kwa wiki nzima hakuwa nayo.

Kesi yenyewe ilikuwa hivi. Kila mwaka baada ya mavuno, Dakta Lorimer alipiga hema lake Ilomba, nje kidogo ya mji wa Mbeya, akapima wazee. Uzito, presha, damu kidogo ya mkononi. Kisha mzee anapanda na kushuka kisanduku cha mbao, anapanda na kushuka, mpaka aambiwe basi, na Daktari anasikiliza moyo. Alitaka kujua kwa nini watu wa milimani huku wanazeeka na mioyo mizima, wakati Wazungu wenzake wanaanguka ofisini kabla hata mvi hazijaenea. Na ili ajue, lazima apime mtu yuleyule, mwaka hadi mwaka, mpaka mmoja wao afe, mzee au Daktari. Kila mzee alipewa namba kwenye kipande cha bati, na kila mwaka aliyepimwa alipata blanketi na sukari. Namba sitini na moja alikuwa Mzee Asukile. Daktari alisema katika wazee wote wa Mbeya na Iringa hajasikia moyo mzuri kama ule.

Mwaka huu Mzee Asukile alichomwa sindano ya kutoa damu, akapanda kisanduku, akashuka, akapanda, akaanguka. Hakuamka tena. Aliyemchoma alikuwa dresa mgeni, msaidizi wa tiba aitwaye Ezekia, Mbena kutoka Njombe, ndiyo kwanza apewe kazi ile. Daktari mwenyewe siku hiyo hakuwepo, alikuwa mkutanoni Iringa.

"Moyo mzima haufi hivi hivi," alisema Inspekta, mkubwa wake Sajini. "Sindano ilikuwa na kitu."

Maiti ilizikwa jioni ileile, na D.C., mkuu wa wilaya, akakataa kaburi lifukuliwe, anaogopa fujo. Ezekia yumo mahabusu Mbeya. Jumatatu anapelekwa kwa hakimu kwa kesi ya kuua, na kesi ya kuua mwisho wake ni kamba.

Sajini Halfani hakuamini kwamba Ezekia ameua. Ezekia alikuwa hamjui mzee hata kwa jina. Lakini masanduku ya sindano hayakufungwa na Ezekia. Yalifungwa na Nesi Yudith, ambaye miaka yote ya nyuma ndiye aliyekuwa akipima Ilomba, kabla hajahamishiwa Iringa.

"Nesi," alisema Sajini. "Hiyo fimbo ya nani?"

Yudith hakugeuka. "Ya marehemu."

"Marehemu gani?"

"Yule wa Ilomba."

"Ana jina."

"Namba sitini na moja."

"Jina, dada! Mama yake alipomzaa alimwita sitini na moja?"

"Labda ni mtoto wa sitini na moja," alisema Liberatus.

"Liberatus, nyamaza."

Nesi alizidi kuvuta kanga usoni. Sajini alimtazama Liberatus, akainua nyusi. Miaka yake yote ya upelelezi ilimfundisha jambo moja: aliyeua hapendi kutaja jina la aliyemuua, wala hapendi kuona kitu chake.

"Lete pingu," alisema.

Mlango ulifunguliwa kwa kishindo, Liberatus akapigwa nao mgongoni. Mama Severina, mkuu wa manesi, aliingia na sinia la vikombe. Alitazama meza, akatazama sakafu, akaliweka sinia chini.

"Nani ameleta fimbo hiyo hapa?"

"Mimi, mama. Ni kazi ya polisi."

"Iondoe."

"Mama, nakuambia ni kazi ya…"

"Iondoe, Sajini! Hivi wewe huna adabu? Hukufundwa kwenu? Hiyo ni fimbo ya baba mkwe wake!"

Sajini Halfani alifungua mdomo. "Mkwe wa nani?"

"Wa huyu! Mzee wa Ilomba ni baba yake mume wa Yudith. Hukujua? Umetoka Mbeya kote huko hukuuliza hata mtu mmoja? Hawa ni Wanyakyusa, baba. Kwao mkamwana hamtazami mkwe. Hamtaji jina. Akisikia anapita njiani, anaingia shambani ajifiche mpaka apite. Na wewe unamwekea fimbo yake mezani kama bakuli la uji!"

Sajini Halfani alizaliwa Iringa mjini, lakini wazee wake walitoka Kilwa. Kwao mkwe unampa shikamoo, unamkaribisha wali, yameisha. Aliichukua fimbo haraka, akampa Liberatus, Liberatus akaitoa nje akiishika kwa ncha za vidole kama nyoka.

"Samahani, nesi," alisema Sajini. "Sikujua. Kaa kwenye kiti."

Yudith alikaa. Macho yalikuwa mekundu. Mama Severina alimpa chai, akamtazama Sajini mpaka Sajini akavua kofia.

Basi. Safari ya bure. Petroli ya serikali, spring ya lendrova iliyokatika Makambako, yote bure. Hakuwa muuaji, alikuwa mkamwana mwenye heshima. Sajini aliaga, akafika mlangoni, akashika kitasa.

Akasimama hapo hapo. Kisha akarudi.

"Nesi. Miaka yote ile Ilomba, nani alikuwa anapima?"

"Mimi."

"Uzito wewe?"

"Mimi."

"Kufunga kile kitambaa cha presha mkononi, wewe?"

"Mimi." Sauti ilikuwa inapungua.

"Wazee walivua mashati mbele yako?"

Yudith alitazama chai yake.

"Sasa mkweo ulimpimaje?"

Nje mtu alikuwa anafagia uwanja. Mama Severina alikuwa ameinua kikombe, akakirudisha bila kunywa. Hata yeye hakuwahi kufikiria.

"Namba ilikuja," alisema Yudith mwishowe. "Nikaipima."

"Ilikuja imevaliwa na nani?"

"Na mtu."

"Si mkweo."

"Ningempimaje, Sajini? Wewe umeona fimbo tu nilivyofanya."

"Mkweo hakuwahi kuingia kwenye hema lile. Hata mara moja."

Yudith alitikisa kichwa. "Hata mara moja."

"Kwa nini hukumwambia Daktari?"

"Nimwambieje? Nitaje jina? Niseme baba wa mume wangu kamtuma mtu kwa sababu yangu? Wazee walipanga wenyewe. Daktari alitaka namba, namba ilikuja."

"Huyo mtu nani?"

"Waulize huko huko. Mimi mke wa mtu. Nikisema mimi, narudishwa kwetu na watoto wanabaki."

"Ezekia atanyongwa!"

Yudith alianza kulia, lakini midomo ilibaki imefungwa. Sajini alizunguka chumba, akapiga ukuta kwa kiganja, akaumia, akaacha.

"Utakuja kusema haya mbele ya hakimu?"

"Siwezi."

"Daktari mwenyewe atamtambua huyo mtu nikimwonyesha?"

"Uso hataujua," alisema Yudith akifuta machozi. "Huwaambia wageukie pembeni ili wasimpumulie. Hajui uso wa mtu yule Mzungu. Anajua vifua."

Njia nzima ya kurudi Mbeya Sajini Halfani alikuwa mkali. Alimgombeza Liberatus kwa kuendesha polepole, kisha kwa kuendesha kasi. Spring nyingine ilikatika karibu na Chimala, wakakaa pale wanasubiri lori la Mhindi liwavute.

"Afande," alisema Liberatus, "kwetu Uhehe mkwe tunamwogopa vilevile, lakini tunamwangalia. Tunamwangalia ili tujue anakuja saa ngapi."

Sajini hakucheka.

"Sasa kwa nini mwaka huu mzee alikwenda mwenyewe?" aliuliza Liberatus.

"Fikiri na wewe. Nesi kahamishwa. Aliyekuja ni Ezekia, mwanaume, mgeni, Mbena. Hakuna mkamwana hemani. Njia imefunguka, mzee kaenda kwa miguu yake."

"Kwa hiyo ule moyo mzuri…"

"Ulikuwa wa mtu mwingine. Mzee aliingia na moyo wake mwenyewe, ambao hakuna daktari aliyewahi kuusikia."

"Basi kesi imekwisha!"

"Mwambie Inspekta."

Inspekta aliwasikiliza akiwa amesimama dirishani, Mlima Loleza nyuma yake umefunikwa na ukungu. Alikuwa Mzungu anayejua Kiswahili vizuri, na ndiyo maana maneno yake yaliuma.

"Halfani, ngoja nione kama nimeelewa. Una shahidi ambaye hawezi kutaja jina la marehemu."

"Ndiyo, bwana."

"Hatakuja mahakamani."

"Hapana, bwana."

"Na anafanya kazi moja na mtuhumiwa. Una mtu mwingine, hujui nani, hujui yuko wapi. Na una kaburi ambalo D.C. hataki liguswe."

"Ndiyo, bwana."

"Nipe huyo mtu. Bila yeye, Jumatatu Ezekia anakwenda."

Sajini alipita mahabusu. Ezekia alikuwa nyuma ya nondo, amekonda, shati jeupe la kazi limekuwa rangi ya ukuta.

"Sajini, vipi?"

"Nafanya kazi."

"Mama yangu amekuja kutoka Njombe. Wamemkataza kuniona. Yuko pale nje kwenye majani tangu juzi. Umemwona?"

"Nimemwona."

"Mwambie nakula."

"Unakula?"

"Mwambie tu."

Ilomba ilikuwa bado kwenye msiba. Ngoma zilikwisha, lakini wanaume walikuwa wamekaa makundi makundi kwa Jumbe Filemoni, mkuu wa kijiji, wanakunywa pombe ya ulezi kwa mirija, na migomba ilikuwa imekatwa kuzunguka uwanja kwa desturi ya msiba. Sajini alimwita Jumbe pembeni.

"Jumbe, nani alikuwa anakwenda kupimwa kwa bati la Mzee Asukile?"

"Mzee Asukile."

"Mwenyewe?"

"Bati lake, sasa aende nani?"

"Mkamwana wake alikuwa ndani ya hema."

Jumbe alikohoa. "Mambo hayo, Sajini, ni ya nyumbani kwa watu."

"Mtu atanyongwa, Jumbe."

"Yule Mbena? Si kamchoma mzee sindano? Sisi tumeona. Kachoma, mzee kaanguka."

Aliuliza kundi la pili. Mzee alikwenda mwenyewe. Kundi la tatu. Mwenyewe. Mzee mmoja asiye na meno alisema, "Mwenyewe, bwana mkubwa, tena aliruka kama mbuzi," na wenzake wakatazama pombe yao. Sajini alielewa wanachoogopa. Serikali imedanganywa miaka yote, na mbele ya serikali kila mtu anataka kuwa kiziwi. Aliuliza kwa upole, akauliza kwa ukali, akatoa sigara kwa kila mtu mpaka pakiti ikaisha. Wakavuta sigara zake, wakasema mwenyewe.

"Nakwenda kumleta Daktari," alisema kwa hasira. "Tutaona."

Dakta Lorimer alikuja kwa gari lake, mwembamba, kaptura ndefu, nywele zimesimama. Njiani Sajini alimweleza. Daktari alikataa mara tatu, akanyamaza, akakataa tena.

"Haiwezekani. Mimi nimeandikia watu London habari ya mzee ile. Miaka sabini, moyo ya miaka hamsini!"

"Labda kwa sababu ulikuwa wa miaka hamsini, Daktari."

Daktari aligeuka mwekundu.

Sajini alifanya gwaride la utambulisho kama sheria inavyotaka. Wanaume wenye umri unaokaribiana, wote wamesimama mstari mmoja, kila mtu achague nafasi yake mwenyewe, shahidi asiambiwe kitu. Aliwaambia asiyetaka kusimama ataeleza sababu Bomani. Wakasimama, wanaguna, wanasukumana viwiko.

Daktari alipita mbele yao taratibu. Akarudi. Akavaa miwani. Akapita tena, akanyoosha kidole.

"Huyu."

Alikuwa amemwonyesha Jumbe Filemoni.

Uwanja mzima uliangua kicheko. Yule mzee asiye na meno alikaa chini, akashika mbavu. "Jumbe, kumbe ndiye wewe! Toa mablanketi!"

"Mimi nina bati langu!" alifoka Jumbe. "Namba kumi na tisa! Kila mwaka nampa mkono huyu Mzungu!"

Sajini Halfani alivua kofia yake, akaitupa chini. Ilikuwa kofia ya serikali, na Liberatus aliiokota haraka, akaipangusa.

"Daktari, miaka yote hiyo! Mtu umemshika kwa mikono yako!"

"Mimi siangalii uso!" Daktari naye alikuwa anapiga kelele. "Mimi nina watu mia tatu hapa na mia tatu Iringa! Uso siijui! Moyo najua! Moyo ya sitini na moja naweza kujua hata giza!"

Sajini alikuwa amekwisha fungua mdomo ajibu. Akaufunga.

"Hata giza?"

"Hata giza. Inapiga vizuri, vizuri, halafu inajikwaa. Kama mtu anagonga jiwe na kidole, anaruka kidogo, anaendelea na safari. Si ugonjwa. Lakini hakuna mwingine Ilomba anajikwaa namna ile."

"Unaweza kuapa hivyo kwa hakimu?"

"Moyo? Ndiyo. Naapa."

Sajini alichukua kofia yake mikononi mwa Liberatus, akaivaa. "Jumbe, nipe shuka."

Walifunga shuka la mama wa nyumba kwenye nguzo mbili za baraza, likaning'inia mpaka chini. Liberatus alikata tundu la upana wa kiganja, mama wa nyumba akalalamika, Sajini akamwambia serikali italipa, mama akacheka kwa dharau. Daktari alikaa upande mmoja kwenye kigoda na mipira yake ya kusikilizia moyo masikioni. Upande wa pili wanaume walivua mashati, mmoja mmoja wakaweka kifua kwenye tundu. Hakuna kusema. Hakuna kukohoa. Sajini alisimama katikati, anaona pande zote mbili.

Wa kwanza. "Hapana."

Wa pili. "Hapana. Huyu apunguze chumvi."

Wa tatu alikuwa Jumbe. "Hapana. Huyu ana hasira."

Wanaume walianza kucheka chini chini. Sajini alimpa ishara Liberatus avue shati naye, kwa kuwa jaribio bila mtego si jaribio. Liberatus aliweka kifua chake kipana.

"Huyu kijana sana," alisema Daktari. "Na anakula sana. Mnanicheka?"

"Hapana, Daktari. Endelea."

Waliendelea. Hapana, hapana, hapana. Jua lilikuwa linaingia barazani, na mstari unapungua. Sajini alianza kutafuna kucha. Kama mtu yule alikuwa ametoroka, au ni mmoja wa waliobaki nyumbani na kikohozi, hakuna tena kitu cha kufanya. Walibaki wachache tu.

Akaja mtu mrefu, mvi za pembeni, mikono ya mkulima. Alivua shati polepole mno. Sajini alimwona anavuta pumzi, anataka kuizuia.

"Pumua," alinong'ona Sajini.

Mtu yule alipumua, akaweka kifua kwenye tundu.

Daktari aliinamisha kichwa. Akafumba macho. Wote barazani walisubiri neno hapana, na halikuja. Daktari aliinua mkono kama anayezuia gari. Alisikiliza, akavua mipira masikioni, akaipuliza, akairudisha, akasikiliza tena. Uso wake ulibadilika rangi.

"Sitini na moja," alisema polepole. "Lakini sitini na moja imekufa."

Sajini alifungua shuka.

Mtu mrefu alibaki amesimama kifua wazi, anamtazama Mzungu kwa aibu. Hakuna aliyecheka. Jumbe Filemoni alikuwa anaangalia miguu yake.

"Jina lako?"

"Ambakisye, bwana."

"Wewe ni nani kwa Mzee Asukile?"

"Jirani. Ukoo mwingine. Ndiyo maana nilifaa mimi. Ndugu zake wote yule nesi ni mkamwana wao pia, wasingeweza kuingia."

"Ulipokea nini?"

Ambakisye aliumia. "Sikupokea kitu! Blanketi nilimpelekea mzee, sukari nilimpelekea mzee. Kila mwaka. Muulize mke wake mdogo pale. Mzee aliniita, akasema, 'Ambakisye, serikali inaita bati langu, na ndani yumo mke wa mwanangu. Nikienda namwaibisha, nisipoenda naidharau serikali. Nenda wewe.' Ningekataa? Mzee kama baba!"

"Ungesema kwa Daktari," alisema Sajini.

"Daktari aliuliza bati. Nilionyesha bati. Hakuuliza kingine."

Daktari alikuwa bado amekaa kwenye kigoda. Aliuliza bila kuinua macho, "Mzee mwenyewe, alikuwa na afya gani?"

Ambakisye alimtazama Jumbe. Jumbe alipumua kwa nguvu, akajibu yeye. "Ah, tuseme tu sasa. Miguu ilikuwa imevimba, bwana Daktari. Usiku alilala amekaa, akilala chini pumzi inakwisha. Kutoka kwake mpaka hapa alikuwa anapumzika njiani, tena na tena."

"Mtu namna hiyo," alisema Daktari, "hapandi kisanduku. Hata mara moja hapandi. Moyo imechoka kabisa. Ningemwona, ningemsikia, ningesema lala, mzee, kunywa dawa." Alishika mipira yake kwa mikono miwili. "Hakuna sumu, Sajini. Kisanduku yangu tu."

"Na wewe Jumbe ulijua siku zote," alisema Sajini. "Ukaniangalia usoni."

"Nilijua. Ningesema nini? Mzee alikwenda amefurahi siku ile. Alivaa koti. Alisema, 'Leo nakwenda kupimwa mwenyewe, nimechoka kuwa mzima kwa kifua cha Ambakisye.'"

Inspekta alisoma maelezo ya Daktari akiwa amesimama, akayasoma tena amekaa. Alitaka kukasirika na mtu, hakumpata. Alikasirika na Sajini Halfani kwa kutoboa shuka la watu kwa jina la serikali. Kisha akampa ufunguo wa mahabusu.

"Na Daktari anasema nini sasa?"

"Anauliza wangapi wengine, bwana. Katika wale mia sita. Kila nesi ana wakwe zake mahali."

"Utamjibu?"

"Sijui, bwana. Amekwisha kwenda Iringa kuanza kuuliza nyuso."

Ezekia alitoka mahabusu akikunja macho kwa jua. Mama yake alikuwa anakuja mbio kutoka kwenye majani, kikapu kichwani, akilia kwa Kibena. Kabla hajafika, Ezekia alikaa kwenye ngazi za stesheni ya polisi kufunga kamba za viatu alizorudishiwa. Sajini Halfani alimweleza yote kwa kifupi: nesi, bati, Ambakisye, miguu iliyovimba.

Ezekia alisikiliza. Vidole vilisimama kwenye kamba.

"Kitu kimoja sikuelewa," alisema Sajini. "Wewe ni dresa. Hukuona amechoka?"

"Niliona. Alisimama katikati, akashika mgongo. Nikatazama karatasi ya mwaka jana, imeandikwa alimaliza bila kuhema. Nikamwambia, 'Baba, mwaka jana ulipanda vizuri, leo una nini?'"

"Akasemaje?"

Mama alikuwa amefika. Alimshika mwanawe kichwa kwa mikono yote miwili, lakini Ezekia alikuwa bado anamtazama Sajini.

"Alisema, 'Mwaka jana nilikuwa kijana.' Foleni nzima wakacheka, Sajini. Wakacheka mpaka wakashikana. Mimi nikafikiri ni utani wa wazee, nikacheka nao. Na yeye akacheka. Halafu akashika goti lake, akapanda."